Barua kutoka Bergamo: Baba Mdogo, huu si mpira wa shule ya msingi

Bergamo, Italia

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, Mama Mdogo na wote hapo Ngamiani. Mimi namshukuru Mungu, kazi inaendelea, ila baridi imeanza kuuma. Pesa ya dawa za Bibi nilimtumia Mama, naomba umuulize kama ameipata yote.

Sasa tuingie kwenye lile letu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye basi la kazini, nikaurudia jioni. Unasema Atalanta, timu ya hapa Bergamo, wanacheza mpira wa shule ya msingi, kila mtu na mtu wake, na kwamba tangu kocha wao Gasperini ahamie Roma mwaka 2025 ubishi wetu umekwisha. Baba Mdogo, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Nimeona bora niandike, kwa sababu kwenye simu mtandao hukatika kabla sijafika mbali.

Kukaba mtu kwa mtu unakokujua wewe, kule kwa zamani pale uwanja wa Mkwakwani, beki mmoja alimganda straika na mwenzake akabaki nyuma kusafisha. Italia nayo ilikuwa hivyohivyo. Kwenye Kombe la Dunia la 1982 Claudio Gentile alimng'ang'ania Maradona mpaka akamzima, lakini nyuma yake alikuwepo Gaetano Scirea wa kufagia chochote kilichopita. Baadaye akaja kocha Arrigo Sacchi na Milan yake, akaleta kukaba eneo: mabeki wanne kwenye mstari mmoja, wanapanda pamoja, wanashuka pamoja. Akabeba Kombe la Ulaya 1989 na 1990, na tangu hapo kocha wa kukaba mtu kwa mtu akaonekana kachelewa. Alichokifanya Gasperini alipofika hapa mwaka 2016 ni kumrudisha Gentile, lakini bila Scirea. Yule wa kufagia hayupo. Ndiyo maana nasema si mpira ule unaoufikiria.

Ukiangalia kwenye televisheni huwezi kuliona hili vizuri, kwa sababu kamera inafuata mpira. Mimi nilipopata tiketi nikaamua kumfuata Isak Hien, yule beki wa kati Mswidi, mpira nikauacha. Straika anashuka mpaka duara la katikati kuomba pasi, Hien yuko mgongoni kwake, kiganja kwenye kiuno. Nyuma ya Hien ni majani matupu mpaka kwa kipa wake. Straika anahamia upande wa winga, Hien huyo. Beki wa eneo angemwachia kiungo na kurudi kwenye mstari wake, lakini huyu hamwachii mtu yeyote. Na wenzake wote uwanjani wanafanya hivyohivyo: mastraika wamewashika mabeki, viungo wamewashika viungo, mawinga wa nyuma wamewashika wenzao wa pembeni. Wanayemwacha huru ni kipa wa wapinzani peke yake, maana huyo hana pa kupeleka mpira isipokuwa kuubutua mbali, na huko mbali Hien anausubiri kwa kichwa.

Hatari yake naijua, na wewe umeitaja vizuri. Mmoja akipigwa chenga, wa karibu naye lazima amwache mtu wake aje kuziba, na yule aliyeachwa naye anahitaji mtu wa kumkaba, na hivyo hivyo mpaka golini. Desemba 2024 Real Madrid walikuja hapa wakashinda 3-2. Mbappé alifunga dakika ya 10, halafu Vinícius na Bellingham wakafunga dakika ya 56 na 59. Asubuhi yake kazini kwetu hakuna aliyezungumzia kitu kingine. Wakati wa kahawa kuna fundi mmoja mzee, mzaliwa wa hapahapa, alichukua vipakiti vya sukari akavipanga juu ya kaunta, vyeupe Atalanta, vya kahawia Madrid, akamvuta Vinícius na kidole mpaka ukingoni. Akauliza, ni nani duniani anayemwachia mtu huyu mita arobaini za kukimbia nyuma ya beki? Kijana mmoja Msenegali tunayefanya naye kazi akajibu kwamba hata waliojipanga nyuma kwa eneo Vinícius amewafunga, tena wengi, na kwamba Atalanta walirudisha mabao mawili na walikuwa wanatafuta la tatu mpaka dakika za mwisho. Mimi nipo upande wa Msenegali. Madrid walishinda kwa sababu wana watu watatu wanaoweza kumshinda mtu yeyote wakiwa moja kwa moja, na timu za aina hiyo hazizidi vidole vya mkono mmoja.

Lakini Baba Mdogo, mechi ninayotaka uikumbuke ni ya Dublin, 22 Mei 2024, fainali ya Ligi ya Europa. Bayer Leverkusen ya Xabi Alonso ilikuwa imecheza mechi 51 msimu ule bila kufungwa hata moja. Ilishachukua ubingwa wa Ujerumani. Timu yenye akili, inapasiana kutoka nyuma, Xhaka na Palacios wanaugawa mpira watakavyo. Atalanta wakawaendea kulekule. Scamacca, De Ketelaere na Lookman wakawabana mabeki watatu, Koopmeiners na Éderson wakawavaa hao viungo wawili. Leverkusen walipotaka kupumua hawakupata nafasi. Dakika ya 12 Zappacosta anatia krosi, Palacios anautazama mpira na kumkaba Lookman kwa macho, Lookman anatokea mgongoni kwake anapachika. Dakika ya 26 Lookman anampiga tobo Xhaka, anaukunja mpira kutoka nje ya boksi. Dakika ya 75 la tatu, kwa guu la kushoto. Yote matatu ni ya Lookman, na mwaka huohuo akawa Mchezaji Bora wa Afrika.

Litazame lile bao la kwanza tena. Unasema kukaba eneo ndiko kwenye akili, lakini bao lile limezaliwa na mtu aliyeilinda nafasi yake na kumsahau binadamu aliyeingia ndani yake. Kwa Gasperini kosa hilo lina jina la mtu, kila mmoja anajua nani alimwacha nani. Huwezi kujificha kwenye mstari. Mimi naona hiyo ndiyo heshima ya mfumo huu, na zaidi ya mwezi mmoja kabla ya hapo uliwapeleka Anfield wakaifunga Liverpool 3-0 kwao.

Kombe lile lilikuwa kombe kubwa la kwanza kwa Atalanta tangu Kombe la Italia la 1963. Na huu ni mji ambao Machi 2020 malori ya jeshi yalibeba majeneza usiku kwa sababu mahali pa kuchomea maiti palizidiwa na wafu wa korona. Yule fundi mzee alizika ndugu katika wiki zile. Anaweza kubishana nawe kuhusu Hien saa nzima, akapandisha sauti, lakini ukimtajia Dublin ananyamaza kwanza, kisha anaitaja timu nzima iliyoanza, mmoja mmoja.

Kuhusu Jurić, kocha aliyemrithi Gasperini, unayemtaja kama ushahidi kwamba mfumo umekufa: ni kweli alicheza chini ya Gasperini, ni kweli alipewa timu 2025 na kufukuzwa Novemba. Lakini kuukubali mfumo ni jambo moja, na kuwa na miguu ya kuubeba ni jingine. Gasperini aliwakimbiza wachezaji pale Zingonia, kwenye uwanja wao wa mazoezi, kwa miaka tisa mpaka kumfuata mtu kukawa mazoea. Beki wake wa pembeni katika wale watatu wa nyuma, Kolašinac kwa mfano, alikuwa akipanda mpaka boksi la wapinzani akijua kuna kiungo atakayebaki. Mambo hayo hayafundishwi kwa miezi michache, na pumzi ikikatika dakika ya 70 mfumo wote unavuja. Hilo ndilo lawama yangu ya kweli kwao, na ningetaka uniulize hilo badala ya mambo ya shule ya msingi.

Nina ombi. Wakionyeshwa tena hapo kijiweni, chagua beki wao mmoja umfuate yeye kadiri kamera itakavyoruhusu, hata wenzako wakipiga kelele za kona. Angalia anamwachia nani na lini. Kisha nitumie sauti, useme yote, nitaisikiliza mpaka mwisho na nitajibu kwa barua nyingine.

Mwambie Mama Mdogo vile viungo vya pilau vilifika salama, napika kila Jumapili. Wasalimie mashabiki wote wa Coastal Union wa mtaani, na mpe Bibi shikamoo yangu mkononi.

Mwanao