Injini inalia, pikipiki haiendi: soma hapa kabla hujanunua pleti za klachi

Unapanda Bugando na abiria mmoja nyuma. Unaongeza mafuta, injini inalia kwa nguvu kana kwamba umeshika klachi, lakini pikipiki inajivuta tu na abiria anaanza kukuuliza kama mtafika. Dereva yeyote wa Mwanza aliyewahi kukutwa na hali hiyo anajua maana yake: klachi, yaani zile pleti zinazopeleka nguvu ya injini kwenye gia, inateleza. Mji wetu una vilima kila upande, na klachi iliyochoka haiwezi kujificha Isamilo, Igogo wala Mabatini.

Tatizo tunaloliona gerejini kila mara linatokea baada ya hapo. Mteja anapita dukani, ananunua seti ya pleti, anatuletea ikiwa mkononi na kutuambia, "Fundi, nifungie hizi." Mara nyingine ni kweli pleti zimeisha. Lakini mara nyingi tu tunakuta pleti zake bado nzima, shida iko kwenye waya au kwenye oili, na fedha ya dukani imeshaondoka. Kwa dereva mwenye mkataba, ambaye jioni bosi anasubiri hesabu, fedha hiyo ni kubwa. Ndiyo maana sisi tunaanza na vitu vya nje, vile visivyohitaji kufungua injini.

Kwanza hakikisha ni klachi

Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka na kisicho na msongamano. Ingia gia ya juu kabisa, tembea mwendo wa wastani kama kilomita 40 kwa saa, kisha ongeza mafuta kwa mkupuo. Klachi ikiwa nzima, mlio wa injini na mwendo hupanda pamoja. Ikiwa inateleza, mlio unaruka juu peke yake na mwendo unafuata taratibu baadaye, au haufuati kabisa. Ugonjwa huu huanza kuonekana kwenye gia kubwa na mzigo mzito, kwa sababu hapo injini inasukuma kwa nguvu zake zote na klachi ndiyo inayopokea. Anayezunguka mjini kwa gia ya kwanza na ya pili anaweza kukaa nao muda mrefu bila kujua. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mtu anayekwenda Sengerema na mzigo hasimami tena kusubiri kivuko. Anakamata gia ya juu na kwenda nayo moja kwa moja. Safari ya namna hiyo huifichua klachi mbovu mapema.

Sikiliza vizuri, maana kuna magonjwa yanayofanana na hili. Kama pikipiki inakosa nguvu na mlio wenyewe unashuka, injini inazidiwa, na hapo tunatazama kabureta, plagi, valvu au pistoni. Kama unasikia kitu kinagonga na kuruka kwa nyuma kila unapoongeza mafuta, hiyo ni cheni inayoruka kwenye meno yaliyolika. Na kama gurudumu la nyuma ukiliinua na kulizungusha kwa mkono linagoma, breki imekamata. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalopona kwa pleti mpya.

Waya wa klachi

Ndani ya injini, pleti za klachi zimebanwa pamoja kwa nguvu ya springi. Ukivuta mkono wa klachi, waya unaziondolea pleti mbano wa zile springi na zinaachana. Ukiuachia, springi zinabana tena. Kwa hiyo waya uliokazwa kupita kiasi ni sawa na kidole kinachobonyeza mkono wa klachi kutwa nzima: springi hazibani kikamilifu, pleti zinasuguana, zinapata moto, zinaisha.

Shika mkono wa klachi wakati pikipiki imezimwa, uvute kwa kidole kimoja. Mwanzoni unatakiwa kuwa mlegevu kabla hujausikia ukigoma. Kwa pikipiki nyingi za kazi, ulegevu huo upimwe kwenye ncha ya mkono na uwe kati ya sentimita 1 na 2. Zipo aina zinazotaka pungufu ya hapo, na kitabu cha pikipiki yako kitakuambia. Ukikuta hakuna ulegevu wowote, umeshapata mahali pa kuanzia. Legeza nati ya kurekebishia pale kwenye usukani au chini karibu na injini, kisha rudi barabarani ujaribu tena.

Jambo hili wengi hawalijui, na ndilo linaloua klachi nyingi: pleti zinapoliwa, ulegevu wa waya unapungua wenyewe. Hakuna aliyegusa nati, lakini kadiri pleti zinavyokuwa nyembamba, kisukumio cha ndani kinasogea na kuumaliza ule ulegevu. Klachi iliyoanza kuisha inajikaza yenyewe, na kujikaza huko kunaimaliza haraka zaidi. Dereva anayepima ulegevu kila anapobadilisha oili anaikomboa klachi yake miezi mingi.

Waya wenyewe nao uangaliwe. Wanaofanya kazi Mwaloni Kirumba na kwenye mialo mingine wanapita kwenye maji, matope na mchanga siku nzima. Uchafu ukiingia ndani ya ganda la waya, kutu inafuata, na waya hauteremki tena vizuri ukiachia mkono. Uvute, uachie polepole: ukiona unarudi kwa uzito au unaishia njiani, badilisha waya. Ni spea ya bei ndogo.

Oili

Klachi ya pikipiki nyingi za bodaboda inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Klachi ya gari la gia za mkono kwa kawaida inakaa pakavu. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya oili iliyo bora kwa gari iweze kuitesa pikipiki. Baadhi ya oili za magari ya kisasa zimewekwa dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo, na msuguano huohuo ndio unaozifanya pleti zako zishikane.

Geuza kopo usome nyuma. Tafuta maandishi JASO MA au JASO MA2; hicho ni kipimo cha Kijapani kinachoonyesha kuwa oili inafaa kwa klachi inayoogelea. Ukikuta JASO MB, hiyo ni ya skuta zenye klachi kavu, iache. Unene unaotumika zaidi kwenye pikipiki zetu ni 20W-50, lakini namba hiyo peke yake haitoshi, maana oili ya gari pia inaweza kuwa nayo.

Tunachokikataa kabisa ni oili ya kupimwa kutoka kwenye dumu lisilo na jina. Hatuiweki hata mteja akija nayo, kwa sababu hakuna anayeweza kusema ndani yake kuna nini, na injini ikifa lawama ni zetu.

Kama klachi ilianza kuteleza mara tu baada ya kubadilisha oili, mwaga hiyo oili, weka inayofaa, tembea siku chache. Mara nyingi pleti hushika tena, pengine baada ya kubadilisha mara ya pili. Zisiposhika, uso wake umeshang'aa na kuungua, na hapo hakuna njia nyingine ila kufungua.

Tukifungua

Klachi iko upande wa kulia wa injini. Tunamwaga oili, tunatoa kiki, tunafungua kava. Harufu inatangulia: oili iliyoungua kwa klachi ina harufu kali ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Tunakuita uje uone kabla hatujagusa kitu kingine.

Pleti ziko za aina mbili na zimepangwa kwa kupishana. Zile zenye vipande vya kahawia ndizo zinazoliwa. Tunazipima unene kwa kipimo, hatukadirii kwa macho. Kwenye pikipiki nyingi ndogo huwa karibu milimita 3 zikiwa mpya, na zikikaribia 2.6 zinakuwa zimefika mwisho, ingawa kila aina ina kiwango chake. Zile za chuma kitupu hazionyeshi kuliwa, na ndiyo sababu mafundi wengi huzirudisha bila kuzitazama. Sisi tunalaza kila moja juu ya kioo. Ikiwa imepinda, mwanga unapita chini yake. Ikiwa na madoa ya bluu, imepata moto mkali. Ukiweka pleti mpya za kahawia katikati ya pleti za chuma zilizopinda, umenunua kazi ya wiki chache.

Springi nazo tunazipima urefu na kuzilinganisha. Springi iliyofupika imepoteza nguvu ya kubana. Hapa tuseme wazi kuhusu mtindo wa kuweka washa, vile vipete vya chuma, chini ya springi ili klachi "ikaze". Tunaupinga. Mkono wa klachi unakuwa mgumu, waya unakatika mapema, na sehemu zinazosukuma klachi zinabeba uzito ambao hazikutengenezewa. Seti ya springi si ghali kiasi cha kukimbilia washa.

Tunaangalia pia hausingi, yaani kile chombo cha duara chenye mianya kinachobeba pleti. Kidole kikipita kwenye kingo za mianya kinatakiwa kuteleza bila kukwama. Ukisikia vijishimo, pleti zinanasa humo, na klachi itakuwa inashtuka au gia kuingia kwa taabu. Vijishimo vidogo tunavisawazisha kwa tupa. Vikiwa virefu, hausingi inabadilishwa, na hiyo ndiyo spea inayouma mfukoni.

Pleti mpya zinalowekwa kwenye oili safi kabla ya kufungwa. Zikiingia kavu zinaungua siku ya kwanza. Bolti za springi zinakazwa kwa kupishana, kidogo kidogo, maana zinaingia kwenye alumini na ukilazimisha zinakata. Gasketi ya kava tunaweka mpya, kisha oili, kisha waya unarekebishwa upya kuanzia mwanzo.

Kinachoimaliza mapema

Pleti zina umri wake, lakini tabia inaukata nusu. Kubwa kuliko zote ni kusimama kwenye mlima kwa kushikilia nusu klachi badala ya kukanyaga breki. Nyingine ni kupanda kwa gia kubwa huku ukichezea mkono wa klachi ili injini isizime. Shusha gia, uachie mkono wote. Vidole vinavyopumzika juu ya mkono wa klachi wakati wa kutembea navyo vinabonyeza kidogo bila wewe kujua. Na mishikaki, abiria watatu kwenye kilima cha Igogo, au magunia ya dagaa yaliyopandishwa hadi usawa wa mabega ya dereva, ni mzigo ambao klachi ya pikipiki ndogo haikutengenezwa kuubeba. Tunajua kazi ni kazi. Tunachoomba ni kwamba siku ya mzigo uondoke kwa gia ya kwanza, taratibu, na uachie klachi mapema.

Ikishaanza kuteleza, usiendelee nayo kwa wiki nzima ukisubiri mwisho wa mwezi. Kila kilima unachopanda hivyo kinapeleka moto kwenye pleti za chuma na hausingi, na petroli unayonunua inaishia kwenye joto.

Ukituletea pikipiki, kuangalia waya na oili hatukutozi. Ikibidi kufungua, tunakutajia bei ya kila spea kwanza, na zile za zamani unakabidhiwa mkononi uondoke nazo. Rudi baada ya wiki moja ya kazi: pleti mpya zikishakaa sawa, ulegevu wa waya hubadilika, na sisi tunaurekebisha bila malipo ukiwa umesimama hapohapo.