Kipande hukwama kwenye jina la mama

Mhariri,

Transnistria, eneo dogo la Ulaya Mashariki, ilijitenga na Moldova mwaka 1990, na hadi leo hakuna mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa anayeitambua. Pasipoti ya huko haivuki mpaka, kwa hiyo vijana wengi huchukua ya Moldova, ambayo tangu 2014 huingia nayo nchi nyingi za Ulaya bila viza. Wao hujua mapema kuwa njia ni karatasi. Huku kwetu Lamu Mashariki, Kenya, vijijini Kiunga, Mkokoni na Basuba, kijana hushtuka akishatimiza miaka 18: bila kipande, yaani kitambulisho cha taifa, hasajili laini, hafungui M-Pesa, haombi mkopo wa chuo.

Sisi tunaowajazia fomu za kipande twaziona zikirudi, na mara nyingi kisa ni majina. Kwenye kipande chake mama ni Mwanaesha. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni Mwana Aisha. Shule nayo ikaandika Mwanaisha. Kwetu ni mtu mmoja. Kwa karani ni wanawake watatu. Dawa ni hati ya kiapo inayotaja majina yote matatu, ila wa kuiapisha yuko Lamu mjini, na safari ya boti wakati wa upepo wa kusi si mchezo.

Mtoto aliyezaliwa nyumbani aandikishwe kwa naibu wa chifu kabla ya miezi 6. Ikipita, ushahidi unaotakiwa huongezeka. Na kile kikaratasi anachokupa si cheti. Wako wanaokifungia sandukuni miaka 18 wakidhani wamemaliza.

Halafu vidole. Kijana anayevuta mshipi wa kuvulia samaki tangu darasa la sita, ncha za vidole zimelika na alama hutoka doa tupu. Apumzishe mikono siku kadhaa, apake mafuta ya nazi usiku, na asubuhi ya kwenda anawe kwa sabuni akauke kabisa. Mafuta yakibaki, wino haushiki.

Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuondoa ukaguzi wa ziada kwa jamii za mipakani wanapoomba kipande. Vizuri, lakini tangazo halimrekebishii mtu jina la mama. Twaomba maafisa wa usajili waje Faza na Kiunga kaskazi ikitulia, na kamishna wa viapo awe kwenye boti hiyo hiyo. Wapitie kwanza vyeti vya kuzaliwa vya wanafunzi wa gredi ya 9, kabla jina bovu halijaingia kwenye cheti cha mtihani.

Wajaza fomu,
Faza, Lamu Mashariki