Deni la mchoro wako

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, watoto wazima, mguu wa mama mkwe umepoa kidogo, mvua imechelewa na nazi zimepanda bei. Mengine utayasikia kwa Khadija, maana najua mnapigiana simu kila siku na mimi mnaniweka pembeni. Nimeamua kukuandikia barua kwa sababu haya nikiyatuma kwenye simu utanijibu kwa kile kikatuni chako kinachocheka mpaka machozi, halafu basi. Safari hii nataka maneno.

Mchoro wako nimeumaliza.

Ndiyo, ule ule. Uliouagiza Mei 2019, siku ulipojifunika khanga mpaka puani kitandani kwa Khadija unalia kama umefiwa, na yule dada wa chumba cha pili akaja kutupa pole kabisa, tukaona haya kumwambia aliyekufa ni Jaime Lannister, yule wa kwenye tamthilia ya Game of Thrones. Ulisema, "Nichoree yuko Tarth, mzima, kazeeka." Nikakuahidi wiki mbili. Sasa hivi yule mtoto ambaye wakati ule hata baba yake sijamjua anang'oka meno.

Lakini kaa kitako kwanza. Nilichochora sicho ulichoagiza.

Nilianza kama ulivyotaka, wallahi. Kibaraza cha mawe, ndevu zimeingia mvi, Brienne, yule mpiganaji wa kike ambaye Tarth ndiko kwao, kakaa ngazini ananoa upanga, watoto wawili warefu kama minazi, na bahari nyuma. Ile bahari niliitesekea. Si unakumbuka Tarth inaitwa kisiwa cha yakuti, na kwenye vitabu yakuti zenyewe hazipo, ni rangi ya maji tu? Na Jaime aliitumia hiyo hiyo kuwadanganya waliowateka, kwamba baba yake Brienne atalipa yakuti tele, ili wasimharibu msichana wa watu. Uongo ule ulimwokoa mwenzake, yeye kabla hakujapambazuka mkono wa kulia hana. Kwa hiyo nikajiambia buluu hii haiwezi kuwa buluu ya kubahatisha. Nimekwenda Raskazone asubuhi tatu na kikopo cha maji na brashi, maji yamejaa, vijana wanaoogelea wananiuliza kama nauza picha. Nikaipata. Ikakauka vizuri.

Nikaibandika ukutani, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama, na moyo wangu ukakaa kimya. Mwanaidi, ilikuwa kama kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Unajua zile, familia inacheka mbele ya nyumba ambayo hakuna anayeishi. Alichobakiza ni kushika mfuko wa saruji.

Nikaiacha mwezi mzima. Halafu likizo ikaja, baba Salma akasafiri, umeme upo, nikaanza kuangalia upya tangu mwanzo, kwa ile fleshi ya zamani ambayo nusu yake ni mawaidha na nusu Game of Thrones. Nilipofika msimu wa 3, pale bafuni, nikasimamisha. Nilirudia mara nne. Pale Jaime anapomweleza Brienne kwamba Mfalme Kichaa alitegesha moto wa kijani chini ya mji mzima, akaamuru wote wachomwe, na yeye aliyeapa kumlinda akamchoma upanga mgongoni. Watu nusu milioni. Na kwa miaka 17 kila mtu anamtemea mate kwa jina la muuaji wa mfalme, hajamwambia mtu, sasa anamwambia mwanamke mmoja mchafu kama yeye ndani ya mvuke, halafu anaanguka.

Sasa ruka uende msimu wa 8, sehemu ya 5. Tyrion, mdogo wake, anamfungua minyororo, anamsihi awafikirie watu wa mji. Naye anajibu kwamba kwa kweli hakuwahi kuwajali sana hao watu, wawe na hatia au wasiwe nayo.

Nilizima televisheni. Miaka yote hii nilidhani nina hasira kwa sababu alimwacha Brienne uani kwenye theluji na kanzu ya kulalia, analia. Kumbe siyo! Ile inauma, lakini yatokea. Iddi si alirudi Korogwe baada ya yote yale, na sisi tulikuwa tumeshamnunulia godoro? Ulisema siku ile, na ukasema tena kwa Jaime, kwamba mzoea vya kunyonga vya kuchinja haviwezi. Nakubali. Mtu aweza kurudi kwa Cersei, dada yake pacha, malkia na mpenzi wake wa siku zote. Hata nilikuwa naona kwenye macho yake kwamba atarudi, na yeye mwenyewe alimhesabia Brienne maovu aliyoyatenda yeye moja moja pale uani kama mtu anayesoma orodha ya madeni ya duka. Ila hawezi kurudi kwa Cersei na pia tuambiwe kwamba lile alilolifanya akiwa kijana, lililomharibia jina, hakulifanya kwa ajili ya mtu yeyote. Huko siyo kurudi nyuma, huko ni kufuta. Sijui kama naeleweka. Mwandishi akinipa mlevi aliyeacha pombe kisha akarudia, nitalia naye. Akiniambia hakuwahi kuacha, pombe tu alikuwa anaiita chai, hapo...

Ngoja, mama mkwe ananiita.

Nimerudi. Alikuwa anatafuta tochi na ameikalia.

Basi, nikaendelea kuangalia, na ndipo nikaliona lango. Tulilipita sote usiku ule tukilaani, hakuna aliyelitazama. Watu wa mji wanakimbilia Ngome Nyekundu, Cersei amewaita mwenyewe waingie ili wawe ngao yake, joka liko njiani, na ngome ikijaa askari wanafunga lango. Jaime yuko nje kwenye msongamano. Anainua ule mkono wa dhahabu, aliowekewa badala ya uliokatwa, juu ya vichwa vya watu, anawaonyesha askari, mimi ni nani, nifungulieni. Hawamwoni. Anageuka, anatafuta njia nyingine, na wale watu anawaacha hapo hapo. Baadaye mji unaungua, na katikati ya moto wa joka unalipuka ule wa kijani. Ule ule wa Mfalme Kichaa! Ulikuwa umelala chini ya nyumba zao miaka yote. Kile alichoua mfalme ili kisitokee kinatokea nyuma ya mgongo wake, na yeye hata hageuki kutazama.

Mwanaidi, mchoro ulikuwa pale pale, wao wenyewe waliufikia wakaupita. Mimi nimeusimamisha. Mkono wa dhahabu uko juu vile vile, ila haombi kuingia. Amekwishaingia, amejibana kati ya mbao mbili za lango, bega limezuia, na watu wanapita chini ya kwapa lake. Mama mmoja na mtoto mgongoni, mzee na kuku, msichana kashika sufuria maana watu wakikimbia moto hushika vitu vya ajabu. Nyuma yao kuna mwanga wa kijani mdogo tu, kwenye kona. Hajafa bado. Lakini ukiangalia ule mlango unajua hatatoka.

Kwa hiyo nimemuua tena, nisamehe. Najua uliagiza mzima.

Nilimwonyesha mama mkwe kwa sababu hana upande katika jambo hili. Akavaa miwani, akatazama muda mrefu, akaniuliza, "Huyu mzungu mbona kasimama mlangoni kama kondakta?" Nilicheka hadi nikakaa chini, halafu nikatazama, na kweli! Mkono mmoja juu, mwili nusu nje, abiria wanajipenyeza. Alikosa kusema tu twende, twende, siti zipo. Siku mbili sikuweza kuugusa mchoro, kila nikimtazama nasikia anadai nauli. Nimejaribu kushusha mkono, ukapoteza maana yote. Nimejaribu kumgeuza uso atazame ndani, akawa kama anamtafuta Cersei. Mwisho nimempa uso uliochoka, ule wa bafuni, na nimeinamisha shingo kidogo kumwelekea yule mama mwenye mtoto. Nadhani ukonda umepungua. Utaniambia.

Mkono wenyewe nimeupaka rangi ya kucha ya dhahabu ya mdogo wangu, kwa sababu manjano yangu yote yalikuwa yanatoka kama ndizi mbivu. Inang'aa vizuri ukiuinamisha kwenye taa. Usimwambie, bado anaitafuta.

Wakati mwingine najishangaa. Mimi mwalimu, nina madaftari 84 hayajasahihishwa mezani, na usiku nahangaikia bega la mtu ambaye hayupo. Lakini siko peke yangu. Mwaka ule zaidi ya watu milioni 1 walitia sahihi wakitaka msimu wote urudiwe na waandishi wengine. Haukurudiwa, na hata ungerudiwa tungegombana upya. Na wengine hawakutia sahihi mahali, walichukua penseli. Kuna waliomchora yuko Tarth kama ulivyotaka wewe, kuna waliomchora anarudi Winterfell, alikomwacha Brienne, na theluji kwenye ndevu, kuna waliomchora Brienne akiandika kwenye Kitabu Cheupe, kile cha matendo ya walinzi wa mfalme. Huo wa kitabu nauelewa sana. Ule ukurasa wa Jaime ambao Joffrey, yule mfalme kijana, aliuchekea kwamba hauna matendo makubwa, Brienne anakuja kuujaza, na anamalizia kwamba alikufa akimlinda malkia wake. Wino wenyewe mzuri, mwandiko mzuri, na kila neno lina adabu. Brienne hasemi uongo, lakini pia hasemi lile la bafuni, na yeye ndiye pekee aliyeambiwa kwa kinywa chake. Kwa nini hakuliandika? Kwenye mchoro wangu angelazimika kubadilisha mstari wa mwisho. Nimeufikiria kila nikipiga deki. Sijaupata. "Alikufa akishika lango" ni fupi mno. Wewe uliyekuwa unaandika insha za wenzako bwenini kwa soda, hebu nisaidie.

Hata hivyo usinielewe vibaya, siyo kwamba msimu wote ulikuwa takataka, na hapo ndipo nagombana na Khadija. Ile sehemu ya 2, Jaime anapomgusa Brienne upanga begani mbele ya wale walevi wachache kando ya moto, na kumpa cheo cha knight, cha mpiganaji aliyeapishwa, ambacho mwanamke hakupewa, mimi sitaki mtu aguse. Hata sehemu ya 3 nimeisamehe, ingawa kwa giza lile nusu yake tulidhani televisheni imekufa na wewe ukaipiga kofi. Ndiyo maana inaniuma zaidi. Waliomfikisha mtu mpaka pale kwenye moto ndio hao hao waliomwambia, wiki tatu baadaye, aseme hakuwajali. Na vitabu navyo, cha 5 kilitoka 2011, tunangoja cha 6 mpaka leo. Mzee Martin mwenyewe, anayeviandika, akiamua kumrudisha kwa Cersei sawa, lakini angalau...

Basi. Shida yangu ni moja, na usiseme nimekuandikia kwa sababu ya shida tu, ingawa ni kweli. Buluu imeniishia. Tanga nzima nimepata ya watoto ya shule, ile ikikauka inakuwa kama vumbi la chaki. Ukienda Kariakoo nitafutie tyubu moja ya rangi ya maji, buluu iliyokolea, mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea stendi. Kondakta, unaona, hata hapa hatumkwepi. Anga la nyuma ya lango limebaki jeupe, na nataka pawe na buluu ya Tarth kidogo sana juu ya moshi, mahali ambapo yeye hawezi kuiona.

Sasa nijibu. Nikutumie hivi hivi au nisubiri rangi? Utaweka wapi, sebuleni au shemeji atauliza maswali? Unadhani angefungua lango kweli, au ni mimi ninayemtakia, kama tulivyomtakia Iddi? Huyo Iddi yukoje, umesikia lolote? Umeshawahi kumwambia mume wako kwamba ulimlilia mzungu wa kwenye televisheni siku tatu? Na ule mstari wa Kitabu Cheupe, ungeandika nini? Nataka mstari mmoja tu, nitauandika chini kwa penseli nyembamba.

Ile ya Tarth sikuichana, ingawa nilitaka. Nimeigundisha nyuma ya hii, mgongo kwa mgongo, na uzi wa kuning'inizia nimeufunga ili igeuke pande zote mbili. Siku ukiudhika na mimi, ligeuze lango litazame ukutani.

Msalimie mama, mwambie achari imefika salama na imekwisha. Na buluu usisahau, siyo ya watoto.

Mimi mwenzio,
Zaina