Njoo unishikie besi Ijumaa

Kwako swahiba,

Habari za siku nyingi? Sisi huku wazima. Najua ulipiga simu mara mbili sikupokea, na si kwa ubaya. Nilikuwa na jambo limenikaa kooni, sikutaka kulieleza harakaharaka. Mzee wa Kinanda anakusalimu sana. Mrefu anasema vijiti vyake vya dramu virudi kabla havijasahau njia ya nyumbani.

Jambo lenyewe ni la Dada. Jumamosi iliyopita alishuka jukwaani machozi yanamlengalenga, akatupita wote bila kusema na mtu. Nikamfuata nyuma ya pazia nikidhani amepata habari ya msiba. Akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Kaka, nimeimba usiku mzima sauti yangu mwenyewe siisikii. Nasikia besi tu." Wewe unamjua, miaka yote hii hajawahi kutoka nje ya ufunguo. Siku ile alitoka, watu wakasikia, na kilichomtoa ni spika yangu ya gitaa la besi.

Ilikuwa hivi. Jukwaa ni dogo, la mbao, chini yake kuna uwazi, kwa hiyo lenyewe ni ngoma. Spika nikaisukuma konani, sakafuni, nami nikasimama hatua moja mbele yake. Koni, zile sahani za ndani ya spika zinazotoa sauti, zinanipigia magotini. Zile sauti za juu zinazokuonyesha nota imeanzia wapi huenda zimenyooka kama mwanga wa tochi, zikaishia miguuni pangu. Zile nzito zikatapakaa kila upande. Gitaa langu silisikii vizuri, naongeza. Kitufe cha sauti kilianza kimeelekea kama mshale wa saa nne, kufikia wimbo wa tatu kimeelekea saa nane. Mpiga gitaa la solo naye akaongeza. Mrefu akaanza kupiga kwa mabega. Dada akamwonyesha fundi mitambo kidole juu, aongezewe kwenye monita, ile spika inayomwelekea ili ajisikie. Fundi akaongeza, maiki ikalia, akapunguza. Dada akaomba tena, ikalia tena. Wimbo baada ya wimbo namna hiyo, na mimi nyuma yake nimefumba macho, napiga.

Tangu siku hiyo sifikirii kingine. Waya wa E, ule mnene kuliko yote, ukipigwa mtupu unatoa Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Jukwaa lile zima halifiki mita 6! Wimbi kubwa kiasi hicho mwili wa mtu haulizuii, linamzunguka na kuingia kwenye maiki yake. Halafu ile kona: sakafu na kuta mbili zote zinalirudisha mbele, kwa hiyo sauti nzito inakuwa nzito zaidi bila mimi kugusa kitufe.

Jumanne mazoezini nikaanza kuhangaika nayo. Kwanza nikaitoa konani nikaiweka mita moja kutoka ukutani. Nikapanda nota moja moja, nilipofika F kwenye waya wa D, freti ya tatu, nota ikazama. Vidole vinaigonga, waya unatikisika, lakini ukisimama mbele haipo. Mzee wa Kinanda ndiye aliyenieleza: wimbi linalokwenda nyuma linagonga ukuta na kurudi, na kwa umbali wa mita moja linarudi likiwa kinyume na lile la mbele pale karibu na Hz 86, yanafutana. F ile ni Hz 87. Nikaisogeza spika mgongo wake ukaribie kugusa ukuta, lakini mbali na kona, F ikarudi. Uzito ukazidi kidogo, nikapunguza kitufe cha besi, basi. Kisha nikaipandisha juu ya kreti, nikaiinamisha kwa nyuma, koni zikanitazama usoni. Swahiba, nilirudisha sauti mpaka saa nne na nikasikia hata kucha yangu ikikwaruza waya.

Na ile habari tuliyopokezana tangu tunaanza, kwamba wimbi la besi linahitaji mita nyingi mbele ya spika ndipo "lizaliwe", tuiache. Ingekuwa kweli, E isingesikika kwenye vispika vya masikioni, na inasikika.

Kingine, ukumbi hauihitaji spika yangu. Ukumbi unapata besi kutoka kwenye kisanduku cha DI, kinachochukua sauti ya gitaa moja kwa moja kwa waya, kupitia miksa. Spika ile ni yangu mimi na Mrefu, ndiyo maana sasa nataka ikae upande wa haihati yake, yale matoazi mawili ya kukanyagia, tusikilizane. Nimemwomba fundi achukue laini kabla ya vitufe vyangu, ili nikigeuza chochote kusibadilike kitu huko mbele. Maiki ya Dada ikatwe chini ya Hz 100, sauti yake haina kazi huko, na kwenye monita yake besi isiwekwe kabisa.

Kuhusu monita yake, nilikuwa nimesahau kwamba amebadilisha maiki. Ile ya zamani, SM58, ni kiziwi kwa nyuma kabisa, kwa hiyo monita unaiweka mbele yake moja kwa moja. Hii mpya ni Beta 58A. Ukiziwi wake uko pembeni kwa nyuma, na nyuma kabisa bado inasikia kidogo. Tuliiachia monita pale pale pa siku zote. Zingetakiwa mbili, moja kushoto na moja kulia. Na asiifunike kichwa kwa kiganja anapopaza sauti, hapo ndipo inapoanza kulia.

Ananiambia masikio yalimvuma mpaka Jumapili jioni. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 ni dakika 15. Yeye alisimama pale saa tatu nzima. Kila nikikumbuka roho inaniuma.

Sasa ombi langu. Jumamosi ijayo tunapiga tena, jukwaa lile lile. Ijumaa jioni tumepewa muda wa kupima vyombo. Njoo unishikie besi yangu, upige kwa mkono wako ule mzito, nami niende mbele nikasimame kwenye maiki ya Dada. Tumepiga pamoja miaka yote hii na pale anaposimama yeye sijawahi kusimama hata siku moja.

Utaweza? Ule waya wako mrefu bado unao? Na lile sponji nene ulilokuwa unaweka chini ya spika kwenye majukwaa ya mbao, lilisaidia kweli au tulijipa moyo? Wewe huko mwimbaji wenu anakwambia ukweli, au naye ananyamaza? Umewahi kumuuliza?

Nijibu upesi.

Mwenzako wa nyuzi nne