Jumamosi: dawa za mikorosho na mimba
Habari za asubuhi, ndugu zangu. Kikao ni Jumamosi saa 10 jioni, Mikindani, palepale mwembeni. Mama mmoja aliuliza: dawa inayodhuru mimba inajulikanaje bila kuua panya na sungura wengi? Swali hilo limenikaa moyoni.

Kipo kipimo cha seli shina za panya, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingi, zinazokuzwa maabara. Kwa siku 10 hivi zinageuka seli za moyo na kudunda zenyewe kisahanini, jambo la ajabu kweli! Kemikali ikizuia mdundo huo, ni dalili ya hatari. Ila peke yake hakitoshi, maana kisahani hakina kondo wala ini la mama.

Wajawazito, tafadhali msipulize salfa wala dawa yoyote, wala msifue nguo za wapulizaji. Pigeni picha lebo za dawa mnazotumia, tuzisome pamoja.