Kabla hatujamfunga mgonjwa wenu kidonda

Sisi wauguzi tunaofunga vidonda nyumbani, simu tunazopokea kutoka Kadutu, Bagira na Ibanda, hapa Bukavu, nyingi zina ombi lilelile: "Mukuje mumufunge papa kidonda." Papa alipatwa na kiharusi, amelala wiki nyingi, na sasa ngozi imefunguka chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio. Tunakuja. Ila tukifika tunaanza kwa kumgeuza, pansema, yaani kufunga kidonda, inafuata baadaye, na familia nyingine hukasirika kidogo.

Eskare, yaani kidonda cha kulala, huanzia ndani. Mfupa unaibana nyama juu ya godoro, damu haipiti, nyama inakufa. Ngozi ya juu ndiyo hufunguka mwisho. Kwa hiyo tundu dogo mnaloliona laweza kuficha shimo kubwa. Sisi tunakaa kwenu nusu saa. Saa zote zilizobaki mgonjwa yuko mikononi mwenu, na akiendelea kukilalia kidonda, hakuna dawa ya farmasi itakayokiponya.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia, kwa zamu. Asilalie nyonga moja kwa moja: wekeni mto nyuma ya mgongo, aegemee kiubavu nusu tu. Mto mwingine uwe chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse kitu. Mnapomsogeza, mwinueni kwa shuka watu wawili, kwa sababu kumburuta kunachana nyama. Na ile shambrea ya gari, yaani mpira wa ndani wa tairi, mnayomkalisha juu yake, tafadhali iondoeni. Inazuia damu pande zote za kidonda.

Kwa ngozi yetu nyeusi msingoje wekundu. Mkimwogesha, pitisheni mkono kwenye visigino, nyonga, viwiko na kisogo. Mahali penye joto au baridi kuliko pembeni, pagumu, palipolegea kama embe lililoiva mno, au palipozidi weusi, hapo pameanza. Msipasugue kwa mafuta. Mwondoleeni uzito hapo siku hiyohiyo.

Wazee hutuuliza kwa nini tunafunika kidonda badala ya kukiacha kikauke. Mwaka 1962 George Winter, huko Uingereza, alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa na kubaki na unyevu huota ngozi mpya haraka kuliko kilichoachwa wazi. Spiriti na maji ya oksijeni (hydrogen peroxide) huua hata nyama changa inayoota.

Halafu chakula. Uji mtupu haujengi nyama. Mgonjwa wa kilo 60, kama figo zake ni nzima, anahitaji takriban gramu 75 za protini kwa siku: mayai, maharagi, na sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwa Kivu, waliosagwa unga kama hawezi kutafuna.

Homa, usaha wenye harufu kali, nyama nyeusi au mfupa kuonekana: mpelekeni hospitali leo, msitusubiri. Kwa mengine, mkipiga simu tutauliza kwanza amelalia upande gani, aligeuzwa saa ngapi, na jana alikula nini.