Nauli ya wanaojitolea iwekwe kwenye bajeti

Mhariri,

Kila Mei vijana wa Kisumu hufurika kwenye vikao vya bajeti ya kaunti kudai fedha za miradi yao. Huwa wamechelewa miezi minane. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka uwe umefika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Jambo lisilokuwemo kwenye mpango wa Septemba halina pa kushika Mei. Kelele zipigwe Julai na Agosti.

Na wadai nini? Si "uwezeshaji wa vijana", maana fungu la jina hilo huishia kwenye fulana na mahema. Wadai nauli ya wanaojitolea.

Tuseme kundi la vijana 15 linazibua mitaro mtaa wa Nyalenda mjini Jumamosi mbili kwa mwezi, na kila mmoja anatumia shilingi 200 kwenda na kurudi. Hizo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Asipolipa mtu, wanaobaki baada ya miezi mitatu ni wale wanaokaa karibu au ambao nyumbani kwao hakukosekani kitu. Halafu tunaambiwa vijana wa Katito na Kombewa, nje ya mji, hawapendi kujitolea!

Kiwango kimoja kwa wote hakifai. Nauli ihesabiwe kwa umbali, steji kwa steji, na anayetembea kwa magongo alipiwe boda hadi stejini. Asiyeona alipiwe nauli mbili, yake na ya anayemshika mkono. Risiti zisidaiwe, kwa sababu makanga hatoi risiti. Daftari la mahudhurio lenye sahihi na nambari za simu linatosha, pesa zitumwe kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, moja kwa moja kwa kila aliyefika. Zikipitia kwa mwenyekiti, majina huzaana daftarini. Aliye chini ya miaka 18, au anayesubiri kitambulisho, atumiwe kwa laini ya mzazi.

Serikali yenyewe imeshakubali hoja hii. Wahudumu wa afya ya jamii walizunguka nyumba kwa nyumba miaka mingi wakiitwa wa kujitolea. Tangu 2023 wamewekewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti.

Makundi haya ya kujitolea yasielekezwe Hazina ya Uwezo ya serikali. Ile ni mikopo: haina riba, lakini ina ada ya usimamizi ya asilimia 3, na mkopo sharti urudishwe. Kundi linalofundisha watoto kusoma bila malipo litauza nini lirudishe?

Kuna suala la matangazo pia. Tangazo la kuyaalika makundi kuomba fedha, likiwa la Kiingereza kwenye tovuti, makataa wiki moja, huwafikia walio mjini wenye bando. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, kwa hiyo libandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya chifu na sokoni, lisomwe na redio za Kijaluo. Baada ya makundi kuteuliwa, alama ambazo kila kundi lilipata zibandikwe pale pale, pamoja na sababu za walioachwa.

Zisipobandikwa, kijana yeyote aandike barua kwa ofisi husika chini ya Sheria ya Upataji Habari ya 2016. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, na asiyeweza kuandika anayo haki ya kuandikiwa na afisa wa ofisi hiyo. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Aulize mambo manne tu: makundi gani yalipewa, ya wadi zipi, shilingi ngapi, na kwa alama gani.

Wafuatiliaji wa bajeti,
Kisumu